Mashine Nne, Betri Nne

Nilikuwa na mashine nne za betri, na sikuzichagua kwa akili. Nilizichagua kwa macho, kama mtu anavyochagua shati la sikukuu. Ilikuwa miaka ile soko huria lilipokolea Mbinga: wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wanapanda milimani na magari yao wenyewe, ushirika ulikuwa unakohoa, na madukani kulikuwa na vitu ambavyo baba zetu hawakuvijua hata kwa picha. Drili ya kwanza, ya manjano, niliinunua karibu na stendi. Ya pili, ya bluu, niliikuta Songea kwenye vitu vya mitumba. Mpini wake ulikuwa na raba laini, nikaipenda kwa raba hiyo tu. Halafu nikapata msumeno mdogo wa duara, halafu mashine ya msasa. Yule muuzaji wa Songea alinionya. Alisema fundi hukusanya mashine za aina moja, ili betri ya hii ikiisha achomoe ya ile aendelee na kazi. Hizi zangu kila moja ina betri yake na chaja yake, hazitasaidiana. Nilimwambia yeye auze, asifundishe.

Umeme wa mji wakati ule ulitoka kwenye jenereta, kwa saa chache za jioni. Nilizipanga chaja zote juu ya meza, taa nyekundu nne, nikavuta kiti nikakaa kuziangalia. Mke wangu aliniuliza kama nataka achome na ubani.

Tusidanganyane, mashine zile zilikuwa na faida. Vijiji vya milimani havikuwa na umeme kabisa, na mwenye drili ya betri alifunga mlango mzima wakati fundi wa mkono bado anatoboa tundu la bawaba ya kwanza. Maguu niliitwa, Litembo niliitwa. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi ndiye niliyekuwa hicho kipya.

Fundi wa mkono mwenyewe, yule aliyebaki kwenye bawaba ya kwanza, alikuwa mwalimu wangu. Nilikaa nyumbani kwake karibu na Maguu miaka saba nikijifunza useremala. Alinifundisha kunoa patasi kabla hajaniruhusu kushika nyundo. Mkewe alikuwa Mnyasa, mtu wa kule chini ziwani, na ndugu zake walipomletea usipa, wale dagaa wa ziwa letu, alinipakulia mimi kwanza na kunijazia, kwa sababu, alisema, mtoto wa watu huona aibu kuomba kuongezwa. Nilimwita mama, na sikumwita hivyo kwa adabu tu.

Basi mtu angetegemea niwe na shukrani. Mimi nilimchukia yule mzee, kwa sababu kila nilichokijua alinipa yeye, na watu wote walijua hivyo. Tulipopewa kazi ya mabenchi ya kanisa la kijiji, yeye alikaa upande mmoja na keke yake, ile drili ya kuzungusha kwa mkono, mimi upande wa pili na ile ya manjano. Nilikuwa kwenye benchi la tano, yeye kwenye la pili. Wanaume walikuwa wameegemea ukuta wakitazama. Nikamwambia, kwa sauti ya kuwafikia, kwamba aende nyumbani akakoboe kahawa, useremala umeshampita. Walicheka. Naye alicheka, akakung'uta unga wa mbao magotini, akaendelea kuzungusha. Kicheko chake kilikuwa kifupi sana, nami nilikiona hicho, nikafurahi.

Sasa, mafundi wa upande ule tulikuwa na mwiko mmoja. Fundi hagusi jeneza la mtu wa nyumba yake: hapimi, hakati, hafungi. Anaitwa fundi mwingine, na yeye anakaa na wafiwa kama mfiwa yeyote. Akivunja mwiko huo haitwi tena kwenye msiba wa mtu, kwa kuwa watu husema mkono uliofunika nyumba yake utafunika na za wenzake. Na fundi asiyeitwa misibani kule milimani hana kazi. Kabati watu wanaagiza wakishauza kahawa, lakini jeneza halingoji mavuno.

Mama yule, mke wa mzee, alifariki kwa homa ya siku tatu. Walikuwapo mafundi wa karibu zaidi, lakini mzee alimtuma mtu mjini aje kuniita mimi.

Nilifika asubuhi na mfuko wa mashine begani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. Juu ya gunia safi alikuwa ametandaza vifaa vyake vyote: randa, misumeno, patasi, keke, nyundo, na misumari kwenye kopo. Vyote alikuwa amevinoa na kuvipaka mafuta. Mwiko haukumkataza kunoa.

"Mwanangu," alisema, "mama yako hakupenda kelele. Mtengenezee kwa hivi."

Nilimjibu kwamba hivyo avipeleke makumbusho. Nilisema hivyo kwa mfiwa, nyumbani kwake, maiti ya mkewe ikiwa ndani. Wanaume walioshika mbao walisikia, na safari hii hawakucheka. Mzee aliinama, akaanza kukusanya vifaa vyake kimoja kimoja, akavifunga ndani ya gunia.

Msumeno wangu wa duara ulilia mpaka wanawake waliokuwa wakiimba ndani wakanyamaza. Mbao zilikuwa za mkaratusi, ngumu. Nilifunga kila kiungo kwa skrubu za nyota, na mfuniko nao kwa skrubu nane. Misumari niliiita kazi ya wakulima. Watu walipomaliza kuaga nilifunga mfuniko mbele yao, kila skrubu kwa pumzi moja, huku nikimtupia mzee jicho kuona kama ameona. Alikuwa anatazama chini.

Makaburi yalikuwa ng'ambo ya mto, mwendo wa saa nzima kwa miguu, kando ya barabara ya magari. Ndugu za marehemu walikuwa bado njiani kwa lori kutoka ziwani, wamecheleweshwa na matope, na wazee walikubaliana kwamba mfuniko utafunguliwa kaburini ili nao wamuage. Kwa hiyo nilichukua drili ya manjano, nikatumbukiza mkono kwenye mfuko nikachukua na betri ya akiba, bila kuitazama ni ya mashine gani. Nilikuwa na haraka ya kutangulia mbele ya msafara.

Ndugu wa ziwani walifika mawingu yakiwa yameshatanda. Nilifungua skrubu zote nane. Dada wa marehemu alimshika shavu akamwambia maneno kwa Kinyasa, taratibu, kama anayemwamsha. Walipomaliza nilirudisha mfuniko na kuweka skrubu ya kwanza. Drili ilizunguka nusu, ikaguna, ikasimama. Nilibonyeza tena, kimya. Nikatoa betri ya akiba, nikaona ni ya ile drili ya bluu. Hata hivyo niliisukuma kwenye tundu lisilo lake, mara mbili, mara tatu, mbele ya kijiji kizima. Mwanamke mmoja nyuma yangu alisema shukrani ya punda ni mateke, wala hakunong'ona.

Mvua ilianza kudondoka juu ya mbao. Katekista aliingiza kitabu chake ndani ya koti. Nyundo na misumari vilikuwa nyumbani, ng'ambo ya mto ambako lori halifiki, kwenda na kurudi ni saa mbili, na jeneza lingekaa bila kufungwa muda wote huo. Dereva wa lori alileta bisibisi pekee aliyokuwa nayo, bapa, ncha imelika. Skrubu ya nyota kwa bisibisi bapa, tena kwenye mkaratusi, inataka mkono unaojua. Nilijaribu, ikateleza ikanichana kiganja. Nilijaribu tena, ikakwaruza mfuniko. Wanaume wawili wengine walijaribu, wakashindwa. Fundi mwingine pale hakuwapo ila mmoja.

Mzee alisogea mbele. Katekista alimwekea mkono kifuani, akamkumbusha mwiko, akamsihi akae mbali.

"Atalowa," mzee alisema.

Akautoa ule mkono kifuani kwake, akachukua bisibisi kwangu. Aliilaza kidogo upande ili ncha ikamate mstari mmoja wa ile nyota, akaiegemea kwa kifua chake chote, akazungusha. Aliniambia nishike mfuniko usicheze. Nilikuwa nimepiga magoti upande wa pili, uso wangu karibu na wake, na nilisikia alivyovuta pumzi kwa kila mzunguko. Zilikuwa skrubu nane. Alipomaliza alipitisha kidole gumba kwenye kiungo chote, kuzunguka, akamrudishia dereva bisibisi yake na kumshukuru.

Hazikupita wiki mbili, kijijini kukawa na msiba mwingine, na wazee wa kanisa walikaa kwanza kuamua kama mzee aitwe. Yeye mwenyewe alikuwapo, nami nilikuwa nimeitwa kutoka mjini. Baadhi walimtetea; walisema lisilo budi hutendwa, na kosa halikuwa lake. Wengine waliogopa. Mwishowe katekista alinigeukia mimi, kwa kuwa jeneza la mama lilikuwa mkononi mwangu na mimi ni fundi, akaniomba nieleze yaliyotokea na nitoe neno la mwisho.

Neno lenyewe nililijua. Nilikataa misumari yake, nilibeba betri isiyo ya drili ile, nikamwacha afanye kazi niliyoitwa ili asiifanye. Lilikuwa mdomoni kabisa. Mzee alikuwa ananitazama, si kwa hasira. Alinitazama kwa kungoja, kama mtu aliyejenga mahali na anajua nyumba itasimama. Nami nilikuwa nawaza milima yote ile, kutoka Maguu hadi Litembo, ikiwa na fundi mmoja tu wa kuitwa kwanza.

"Mwiko ni mwiko," nilisema.

Hakuna aliyebisha tena. Mzee aliinuka, akawaaga wote mmoja mmoja kwa adabu, na mimi akaniaga, akatoka. Wafiwa walikuwa wananisubiri nje. Nikafuatana nao kwenda kupima.