Michirizo ya Tupa

Afande Lumapas aliiweka bastola mezani, kando ya sahani ya samaki wakavu.

"Mzee Teodulo, hii imeua mtu bandarini. Haina namba. Nani kaitengeneza?"

Teodulo alikuwa ametengeneza bastola kwa miaka thelathini, uani nyuma ya nyumba yake, kama nusu ya wanaume wa mji huu wa Danao. Siku hizi anachomelea mageti, na aliapa mbele ya padri kuwa ameacha.

"Mpe mtu yeyote hapa kipande cha chuma, afande, kesho ana bastola. Utakamata mji mzima?"

"Usinizungushe. Nyie mnajuana kwa mikono."

Danao mume hutoboa chuma, mke hukisugua kwa tupa, na kila mke ana mkono wake. Teodulo aliigeuza bastola kwenye mwanga wa dirisha. Michirizo ya tupa, ambayo kwa wengine wote huinamia kulia, hapa ilikuwa imeinamia kushoto. Kumbe zile alasiri za mkewe za kwenda kupanga maua kanisani!

"Simjui," alisema, akiirudisha bastola mezani.

Mkewe Felisa akatoka jikoni na birika la kahawa, kalishika kwa mkono wa kushoto kama kawaida yake, akaanza kummiminia afande.

"Lete, nimimine mimi," Teodulo alisema, akilinyakua.

Afande aliutazama mkono wa Felisa, akaichukua bastola, naye akaigeuza dirishani taratibu.

"Mrudishie birika, mzee. Mwache mama amalizie."