Mkono wa Kulia

Injini ya kiwanda cha kahawa ilikuwa ngumu kuwasha, kwa hiyo hakuna aliyekubali izimwe kwa sababu ya uzi tu. Mashine ya kushona magunia ikikwama, mmoja wetu alivuta mti uliosukuma mkanda nje ya gurudumu la mashine, akaushikilia hapo, na mwenzake akaingiza mkono kutoa uzi. Ndivyo tulivyofundishwa.

Siku hiyo aliyeshika mti alikuwa kijana wa Nyaishozi, mtu mwenye adabu zake. Mimi nilikuwa nimeinama, vidole ndani. Mzee aliyelinda lango akaingia kutusalimia.

"Shikamoo baba," mwenzangu alisema. Mzee akamnyooshea mkono. Kwetu mkono wa mkubwa hupokelewa kwa mikono miwili, naye akaupokea kwa miwili.

Mkanda ukarudi kwenye gurudumu. Vidole vyangu vitatu vilibaki humo.

Hospitalini mwenzangu alilia kuliko mimi. Mimi niliwaza wadogo zangu. Tulipozika wazazi niliacha shule ili tubaki nyumba moja, na baba mdogo hakuwahi kuficha kwamba alitaka kuwagawa kwa ndugu. Alikuja akasimama kando ya kitanda.

"Wa kike nitawachukua mimi. Wa kiume wataenda Rugera, wakachunge."

"Baba, ngoja nipone."

"Utapona. Vidole je, vitachipua kama mgomba?"

Sikusubiri kuruhusiwa. Nilikwenda kiwandani bandeji ikiwa bado mbichi, nikamwomba msimamizi kazi ya shazia, ile sindano ndefu ambayo wanawake walishonea magunia mashine ikiharibika.

"Kwa mkono upi?" aliuliza.

Nilibana gunia kwa magoti, nikashona kwa kushoto. Mishono ilipinda vibaya. Alilishika gunia masikio, akalitikisa. Haikudondoka hata punje.

"Hili lina damu," alisema. "Limwage, ulipindue, ulishone upya. Halafu chukua lingine."

Jumapili baba mdogo alifika na baiskeli. Dada zangu walikuwa wamekwisha kuvaa, mmoja amekumbatia mkeka wake.

"Nina kazi," nilimwambia.

Alitazama bandeji. "Kazi ya siku ngapi, hiyo?"

"Ya kesho ipo."

Akageuza baiskeli. Mdogo wangu hakuuachia mkeka mpaka baba mdogo alipopotea migombani.