Siku Waliyokuja Kutuandika Pansiyo

Wakati wa vita nilikuwa nauza vitambaa katika duka moja la mtaa wa Jabe, mjini Bujumbura. Patron, mwenye duka, alikuwa Mwislamu wa ukoo wa Kiomani, aliyezaliwa mjini humo kama baba yake. Alikuwa na wafanyakazi wawili tu: mimi, na mama mmoja mjane aliyeshona mapazia kwa cherehani nyuma ya duka. Yule mama alikuwa wa makamo ya mamangu, na kila nikichelewa aliniuliza kwanza nimepita njia gani.

Kipindi hicho redio ilizungumza sana habari za pansiyo. Wengine walitaka hata wenye maduka madogo walazimishwe kuwawekea watu wao akiba ya uzeeni, sehemu itoke kwa mwenye duka, sehemu ikatwe kwenye mshahara. Wengine walisema kila mtu aachwe achague mwenyewe.

"Musikubali," patron alituambia huku akikunja vitenge. "Pesa ikisha ingia kwa Leta, kwa serikali, hauioni tena. Wallahi, nawaambia kwa faida yenu."

Nikamjibu, "Ndiyo, patron." Moyoni nilijiuliza ni faida ya nani, maana naye angelipa, na hilo hakulitaja. Lakini serikali nayo sikuiamini. Ilikuwa haiwezi kutulinda njiani kurudi nyumbani. Ingenitunzia vipi akiba mpaka nizeeke?

Mama alinisikiliza nikilalamika, akakata uzi kwa meno. "We unawaza pesa," akasema. "Mi nawaza maswali. Mutu akikuandika, atakuuliza mulima wenye ulizaliwa."

Kwetu mlima ndio kijiji cha mtu, na siku zile jina lake lilitosha watu kukukisia uko upande gani wa vita.

Asubuhi moja mtumishi wa serikali aliingia bila taarifa kuandika watu wa pansiyo, mtu mpole, shati limepigwa pasi. Akauliza wafanyakazi ni wangapi.

"Ni huyu mumoja," patron akasema, akinionyesha.

Cherehani ikanyamaza. Mgeni akatazama nyuma ya duka. "Na yule mama?"

"Ule ni mutu wa nyumbani kwetu. Anatusaidia tu, hana mushahara."

Mgeni akaangalia rozari shingoni mwa mama, akaangalia kofia ya patron, akatabasamu. Kisha akaniandika mimi peke yangu. Akaniuliza mlima nilikozaliwa, nikautaja, akauandika.

Alipoondoka, mama akasema polepole, "Asante, patron." Yeye akarudi kukunja vitenge.

Jioni njiani nilimwambia mama, "Patron amejiokoa mwenyewe. Hatakulipia kitu."

"Labda ni yote mbili, amejiokoa na ameniokoa," akasema. "Mi inanitosha."

Mimi haikunitosha. Kwa muda mrefu, kila gari liliposimama karibu na kwetu nilidhani wamenifuata kwa sababu ya mlima nilioutaja. Hakuna aliyekuja.

Amani iliporudi, macho ya mama yalidhoofika akaacha kazi. Patron alimpelekea mchele na pesa kidogo kila mwisho wa mwezi mpaka yeye patron alipofariki. Wanawe wakauza duka, na hakuna aliyewaambia habari za yule mama. Mama akaanza tena kushona mashuka ya watu, akipapasa pindo kwa vidole.

Mimi pansiyo yangu naipata, ingawa ni ndogo. Nikiipokea, humpelekea mama sukari. Yeye hunishukuru, kisha hunisimulia habari za wajukuu wake. Mpaka leo sijui patron alimkinga nani siku ile, na mama hataki tulizungumze jambo hilo.