Doa la Rangi ya Chungwa

Kapasita ile, kipuri cha ndani ya redio, ilikuwa bapa, ndogo kama ukucha wa dole gumba, na ubavuni ina madoa matatu ya rangi. Madoa ndiyo maandishi yake. Nyeusi ni sifuri, kahawia moja, nyekundu mbili, chungwa tatu. Mawili ya kwanza ni tarakimu, la tatu linakuambia uongeze sifuri ngapi. Kwenye duka la redio la Mhindi pale Kitale, nilikofanya kazi, nilikuwa nayasoma huku napiga soga. Nilijiona fundi, bwana! Kichwa kilikuwa kimenivimba.

Redio yenyewe ilikuwa ya marehemu baba, aliyoachiwa na mzungu wa shamba. Mama, huko kwetu Bungoma, aliogopa unyevu wa mvua akaiweka darini juu ya meko, pamoja na mahindi ya mbegu. Moshi unafukuza dumuzi, si utatunza na redio? Ikanyamaza.

Ndipo barua ya mdogo wangu ikafika kutoka vitani Burma. Wamerekodiwa sauti, na Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa kumi alasiri, salamu zake zitatangazwa redioni kutoka Nairobi. Mama akapanda lori la mahindi mpaka Kitale, redio ameipakata.

"Tengeneza, mwanangu. Barua zake nasomewa na watu. Mimi nataka nimsikie mwenyewe."

Nikaikuta kapasita imepasuka. Nikasoma madoa: kahawia, nyeusi, kahawia. Mia moja. Nikatia nyingine ya mia, redio ikakoroma, ikashika kituo fulani, nami nikaridhika. Haraka ya nini, jamani?

Jumapili ile nyumba yetu ya Bungoma ilijaa watu. Mama alivaa nguo yake ya kanisani. Nikazungusha kitufe, mahali pa Nairobi pa siku zote palikuwa na mvumo mtupu. Nikaenda mwisho huu, nikarudi mwisho ule. Saa kumi ikapita.

"Zungusha tena," mama alisema. Nikazungusha mpaka watu wakaanza kuaga.

Kesho yake dukani niliifuta kapasita ya zamani kwa spiriti. Masizi yakatoka, na doa la kwanza, nililosoma kahawia, likawa rangi ya chungwa. Mia tatu; kwa ile ya mia redio isingeweza kuishika Nairobi. Nililia mbele ya Mhindi bila haya.

Haukupita muda, tukaletewa habari kwamba mdogo wangu ameuawa.

Mwalimu mmoja wa Bokoli, kijiji cha jirani, aliyekuwa na redio yake alizisikia zile salamu. Alikuja kumweleza mama neno kwa neno: mimi ni mzima, mama, niwekee jogoo. Mama alimshukuru, lakini maneno hayakumtosha.

Watu walizoea kusema mimi na mdogo wangu tuna sauti moja. Siku moja, tukimenya maharagwe, mama akaniambia, "Hebu sema wewe, kama alivyosema."

Nikasema, "Mimi ni mzima, mama. Niwekee jogoo."

Alikuwa amefumba macho. Alingoja kidogo, labda kuna zaidi.

"Si yeye," akasema, akachukua ganda jingine la maharagwe.