Katambuga Kwenye Mpini wa Jembe

Mwanafunzi wa kwanza wa Masta nilikuwa mimi, na silisemi hilo kwa unyenyekevu. Kabla yake, hapa Musoma taekwondo tulikuwa tunaiona kwenye video tu. Yeye alijifunzia Dar es Salaam, akarudi nyumbani Bweri na mkanda mweusi mmoja, akaanza kunifundisha mimi peke yangu nyuma ya nyumba yake. Uwanja ulikuwa na mawe, kwa hiyo mateke ya kuruka na kuzunguka aliyaweka kando, akatunga mengine ya kusimamia mguu mmoja imara. Pedi ya kupigia hatukuwa nayo. Alivua katambuga yake ya tairi, akaifunga kwenye mpini wa jembe, akasema hiyo ndiyo pedi yetu. Leo madarasa yote ya Mara yanaitumia.

Baadaye wakaja wengine, na mwaka mmoja akaja dada mmoja kutoka Buhemba, mtoto wa wachimba dhahabu, aliyekuwa anasomea ualimu hapa mjini. Teke lake la kwanza liling'oa katambuga kwenye mpini. Masta alicheka mpaka akashika mbavu. Miaka yote ile hakuwahi kunichekea mimi hivyo, na wivu ulinishika palepale.

Tena kulikuwa na suala la mkanda. Goti la Masta lilikuwa limeharibika, na sote tulijua kwamba siku moja ataufungua mkanda wake na kumfunga mtu wa kurithi darasa. Mkanda haufuliwi, ndiyo desturi, kwa hiyo wake ulinuka jasho la miaka. Siku moja aliuacha msumarini, nikajifunga haraka haraka. Ulinienea.

Kazi ya kushika mpini ilikuwa yangu. Dada akirusha teke, mguu ukiwa tayari hewani, mimi nilikuwa naisogeza katambuga kiganja kimoja pembeni. Anakosa, anaanguka puu.

"Pole dada," nilikuwa namwambia. "Macho hayo!"

Masta alikaa kwenye kigoda chake, akikanda goti. Nami nikaendelea, wiki hadi wiki, juu, chini, kushoto, na roho yangu ikasuuzika kila dada alipofuta vumbi magotini. Sijui ni lini hasa alianza kuipata. Nilichogundua ni kwamba nimechoka mikono na yeye haanguki tena. Wageni kutoka Bunda walipokuja, Masta alitusimamisha mbele yao, akaniambia niisogeze nipendavyo. Nilijikausha kama sijamwelewa, kisha nikaisogeza. Dada akaipiga kila mara.

Siku ya mkanda tulikuwa Butiama. Suti yangu nyeupe niliipiga pasi mara mbili. Masta aliufungua mkanda, akaja upande wangu akichechemea, nami nikatoa tumbo mbele kidogo. Akanipita, akamfunga dada. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Watu walipotawanyika nikamfuata Masta.

"Masta, mimi ndiye wa kwanza."

"Najua. Na yule umemfundisha wewe."

"Mimi?"

"Unadhani nilikuwa sionagi unavyosogezaga? Siku ya kwanza nilitaka kukukataza. Nikaona mtoto wa watu anaamka, anaifuata. Nikanyamaza." Alikaa chini, akanyoosha lile goti. "Ungeishika vizuri, mkanda ungekuwa wako. Alikuwa bado sana kukufikia."

Hasira niliyokuwa nayo ilikuwa juu yake, juu ya dada, juu ya mpini wenyewe.

Siku hizi watoto wa Bunda na Butiama wanafanya zoezi hilo la katambuga inayosogea. Wanaliita zoezi la Dada. Yeye anafundisha Bweri kila Jumamosi, na bado ananiita nimshikie mpini, maana anasema hakuna anayeusogeza kama mimi.

Jumamosi iliyopita niliusogeza kwa roho yangu yote. Akaipata.