Kiganja Pajani

Mimi ni mtu wa kushuku, acha niseme mapema. Miaka ya kupuliza filimbi kwenye mpira wa magongo ilinizoesha kutazama miguu ya watu kabla ya sura zao. Nilipopewa ukatibu wa chama cha mchezo huo hapa Dodoma, niliingia ofisini na macho yale yale.

Siku ya fainali, Nzuguni na Mkonze, nilikaa kwenye turubai la wageni. Uwanjani alikuwepo refa niliyechezesha naye miaka yote, mkubwa wangu kwa umri. Dakika za mwisho mpira ukamgonga beki wa Mkonze mguuni, ndani ya duara la goli, kosa la adhabu, peupe kabisa. Refa akageuza uso kwetu. Hakupuliza. Nzuguni wakalala bao moja.

Haki ya Mungu, damu ilinichemka! Juzi yake tu nilimwona akila samaki wa Mtera na kocha wa Mkonze, wanacheka kama ndugu. Nikaunganisha. Jumatatu asubuhi nikasaini barua ya kumfungia kwa rushwa, nakala kwa vilabu vyote, ndipo nikamwita.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, katibu."

Katibu! Zamani nilikuwa mdogo wake. Hata hilo nikalishuku.

"Na yule kocha uliyekula naye?"

"Shemeji yangu, kamuoa dada yetu. Kwani vipi?"

"Ule mguu hukuuona? Usinifanye mtoto, uligeuka ukatutazama."

"Nilikutazama wewe. Nilikuwa nasubiri mkono wako."

Mkono wangu. Tulipochezesha pamoja, mpira ukiingia duara la upande wake alinitupia jicho. Kama nimeona mguu, naweka kiganja pajani, naye anapuliza. Marefa wote husaidiana hivyo mara moja moja. Yeye aliniangalia kila mara, nami nikajiona naheshimiwa.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Jicho la kulia, tangu kabla hujawa katibu. La pili nalo linafuata. Usiwaambie, mdogo wangu. Watanipokonya filimbi, na mimi sina kingine."

Simu yake ikalia mfukoni, ujumbe umeingia. Akaisogeza hadi puani, akahangaika nayo, kisha akanipa.

"Hebu nisomee, wanasemaje?"

Klabu moja ilikuwa imeshamtumia picha ya barua. Nikamsomea yote, mpaka kwenye saini yangu.