Jikedume wa Ghala la Mbao

“Shangazi, mbona Pilipili anampanda mwenzake, na yeye ni jike?”

Nilikuwa sijaanza hata shule. Madereva wa malori walicheka mpaka mmoja akamwaga chai yake. Shangazi, aliyekuwa akitunza mbwa wa ulinzi kwenye ghala la mbao, hakucheka.

“Sijui,” alinijibu. “Lakini nitajua.”

Madereva walikuwa na jibu lao tayari: jikedume. Ndivyo walivyomwita Pilipili, na ndivyo walivyomwita shangazi mwenyewe, kwa vile alivaa mabuti na kubeba magunia begani. Walisema mbwa kamfuata bosi wake.

Mwenye ghala hakuona utani. Wateja wanakuja na watoto wao, alisema, na huyu mbwa anatutia aibu getini. Daktari wa mifugo akija kuchanja, amdunge sindano asiamke tena. Shangazi akaomba Pilipili asamehewe kama mpaka siku hiyo atakuwa ameacha.

Basi macho ya shangazi hayakubanduka kwa Pilipili. Alidhani ni joto la uzazi. Wapi, Pilipili alikuwa ameshatolewa kizazi. Akadhani ni ubabe, lakini chakula kikimwagwa, Pilipili ndiye aliyewapisha wenzake. Mwisho akaona jambo: kila mara lori lilikuwa limepiga honi. Mbwa wameshinda bandani, geti linafunguliwa, wageni wanaingia, Pilipili anatetemeka, kisha huyoo, kamrukia aliye karibu.

Shangazi akaanza kumtembeza kabla malori hayajafika. Honi ikilia, anamwita, anamkalisha, anampa kipande cha kamba nene aking’ate. Madereva wakamwuliza kusoma atamfundisha lini. Siku nyingine Pilipili aliitema kamba akampanda mwenzake vilevile. Shangazi aliiokota, akaipangusa kwenye suruali, akaanza upya.

Siku ya daktari, lori lilipiga honi. Pilipili aliiuma kamba yake, akaketi, anatetemeka mpaka ncha ya mkia. Mwenye ghala akasema basi, achanjwe kama wengine.

Sasa niko sekondari, na Pilipili ana mvi mdomoni. Juzi nilimkumbusha shangazi lile swali langu. Aliuangalia mguu wangu, uliokuwa ukitikisika chini ya meza kwa sababu ya matokeo ya mtihani.

“Ni kama huo mguu wako,” alisema. “Moyo ukijaa, iwe furaha au hofu, mwili unatafuta pa kumwagia. Pilipili alikuwa amejaa tu, mwanangu. Jikedume pale ghalani nilikuwa mimi peke yangu.”